Muhuri wa LC1: kisa cha miaka 11 ya vijiji vya Uganda bila uongozi halali

Kuanzia Aprili 2007 hadi Julai 2018, mwenyekiti wa LC1 (Local Council 1, yaani baraza la kijiji) aliyekupigia muhuri kwenye mkataba wa kiwanja, uwe Wakiso, Arua au Busia, machoni pa sheria alikuwa jirani yako tu mwenye muhuri. Mahakama ya Katiba ilikuwa imekwisha kutamka hivyo. Lakini polisi waliendelea kumtaka mdhamini alete barua ya LC1, ofisi ya pasipoti ikaendelea kuidai, na benki zikaendelea kuipokea kama uthibitisho wa makazi. Serikali yenyewe, kabla ya uchaguzi mkuu wa 2011, iliagiza baiskeli 70,000 za kuwagawia wenyeviti hao. Ikalipa malipo ya awali ya dola zipatazo milioni 1.7, baiskeli hazikuonekana, na kesi ikaishia mahakamani. Ndiyo kusema serikali ilikuwa tayari kumnunulia usafiri kiongozi ambaye mahakama yake haimtambui.

Kisa hiki husimuliwa vibaya. Wengi husema mahakama ndiyo iliyoua LC1. Mahakama ilitoa uamuzi mmoja tu. Miaka 11 iliyofuata ililiwa na swali la namna ya kupiga kura na bei yake, na jibu la swali hilo lilikuwa limeandikwa ndani ya Katiba tangu 1995.

Ngazi mbili zisizo serikali

Mfumo huu ulianzia kwenye vita vya msituni vya Luwero miaka ya 1980, ambako NRA, jeshi la waasi la Yoweri Museveni, ilianzisha kamati za vijiji za watu tisa zilizoitwa RC (Resistance Committees). Baada ya NRM, chombo cha kisiasa cha waasi hao, kushika madaraka mwaka 1986, kamati hizo ziliwekewa sheria mwaka 1987, na mwaka uliofuata zikapewa mamlaka ya kusikiliza mashauri madogo. Katiba ya 1995 ikazibadilisha jina kuwa LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikapanga ngazi tano: LC1 kijiji, LC2 muluka (vijiji kadhaa), LC3 gombolola (miluka kadhaa), LC4 kaunti, LC5 wilaya.

Kinachopuuzwa hapo ni kwamba ngazi hizo si za aina moja. LC3 na LC5 ni serikali za mitaa kamili: zina bajeti, zinaweza kushtaki na kushtakiwa, na diwani wake ana kiti kinachogombaniwa na vyama. LC1 na LC2 ni vitengo vya utawala tu. Hazina bajeti ya maana, na mwenyekiti wake hana mshahara. Posho aliyokuwa akipewa kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Kwa hiyo uchaguzi wa LC1 unapokosekana, hakuna mfuko unaokwama wala mkandarasi anayelalamika. Wilaya isiyo na baraza ingezua kelele ndani ya wiki moja. Kijiji kisicho na baraza halali kinaweza kukaa hivyo muongo mzima, kwa sababu anayeumia ni mtu mmoja mmoja, kila mtu na shauri lake.

Ombi namba 21 la 2006

Wenyeviti waliokuwapo walichaguliwa 2001 chini ya mfumo wa Movement, ambapo mgombea alisimama kwa sifa zake binafsi na vyama vilikatazwa kumsimamisha mtu. Tarehe 28 Julai 2005 wananchi walipiga kura ya maoni iliyorudisha vyama vingi. Muhula wa LC1 na LC2 ulikuwa unaishia 2006, na Tume ya Uchaguzi ikaanza kuandaa uchaguzi mpya wa vijiji kwa taratibu zilezile za zamani.

Hapo ndipo Meja Rubaramira Ruranga, mwanasiasa wa chama cha upinzani cha FDC ambaye pia alijulikana kwa utetezi wa watu wanaoishi na VVU, alipofungua ombi la kikatiba dhidi ya Tume na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja yake haikuwa ngumu: nchi imeingia kwenye vyama vingi, hivyo ngazi ya chini haiwezi kuendelea kuchaguliwa kana kwamba vyama havipo. Uamuzi wa Aprili 2007 ulimpa haki. LC1 na LC2 za mfumo wa Movement hazikuwa na nafasi tena kisheria, na uchaguzi mwingine ulipaswa kufanyika kwa utaratibu unaolingana na vyama vingi.

Uamuzi wa namna hii una udhaifu wake, na anayepanga kwenda mahakamani kwa jambo kama hili aufahamu mapema. Mahakama ya Katiba inafanya kazi chini ya ibara ya 137: inatafsiri, na inaweza kutamka kwamba jambo fulani linapingana na Katiba. Haichapishi daftari la wapigakura, haiajiri wasimamizi wa vituo, na haitengi fedha. Mlalamikaji alishinda kesi, na ushindi huo ukaacha pengo ambalo ni Bunge na Hazina pekee vyenye uwezo wa kuliziba. Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa hatua hiyo ya pili.

Bei ya sanduku la kura

Uganda ina vijiji zaidi ya 60,000. Fikiria kura ya siri katika kila kimoja. Wagombea wa kijiji hiki si wa kijiji jirani, kwa hiyo huwezi kuchapisha karatasi moja ya kura kwa eneo zima kama ifanyavyo Tume kwa urais. Unahitaji aina zaidi ya 60,000 za karatasi, kila moja na majina yake, kila bunda lifike kijiji chake bila kubadilishana na la jirani. Ongeza masanduku, wino, wasimamizi, askari wa kulinda, na usafiri wa kupeleka na kurudisha. Kwa ukubwa wa kazi, ni zaidi ya uchaguzi wa wabunge. Kila mwaka ulipofika wakati wa bajeti, jibu la serikali lilikuwa lilelile: fedha hazipo. Tarehe zikatangazwa na kufutwa.

Lakini ibara ya 68 ya Katiba, ambayo kifungu chake cha kwanza kinaamuru kura ya siri, ina kifungu cha sita kinachosema Bunge linaweza kwa sheria kuuondoa uchaguzi wowote kwenye sharti hilo, isipokuwa wa rais na wa wabunge. Hakukuwa na haja ya kugusa Katiba wala ya kura ya maoni. Ilihitajika sheria ya kawaida, inayopita kwa wingi wa kawaida wa kura za wabunge, inayosema kwamba wapigakura wa kijiji watapanga mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake, picha yake au alama yake. Sheria hiyo, kama marekebisho ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ilipitishwa 2015, miaka minane baada ya uamuzi wa mahakama.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Sehemu moja ni kwamba kupanga mstari kulikuwa na harufu ya zamani, na upinzani uliokuwa umetoka kushinda kesi kwa hoja ya vyama vingi haukuwa na hamu ya kutetea kura ya wazi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mpangaji hataki mwenye nyumba wake amwone amesimama nyuma ya nani. Kwenye mstari ataonekana tu. Upande wa serikali nao, wenyeviti wa 2001 walikuwa wamezoeleka, na wengi wao walikuwa watu wa Movement. Pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kutokuwa na haraka. Kwa maoni yetu hilo lilichangia ucheleweshaji kuliko upungufu wa fedha wenyewe.

Hata baada ya sheria kupita, ilibaki miaka mitatu mingine. Uchaguzi ulipangwa Novemba 2017, ukaahirishwa, na hatimaye ukafanyika Julai 2018.

Mlango wa mashauri ya ardhi

Madhara makubwa yalikuwa kwenye ardhi, na ili kuyaelewa lazima uziweke tarehe tatu pamoja.

Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2004 yaliifanya mahakama ya LC2, ile ya muluka, kuwa mahakama ya kwanza kusikiliza migogoro ya ardhi. Mwishoni mwa 2006 mabaraza ya ardhi ya wilaya yaliacha kazi na mashauri yake kuhamishiwa kwa mahakimu. Miezi michache baadaye, Aprili 2007, LC2 nayo ikapoteza uhalali. Ndani ya miezi hiyo milango miwili kati ya mitatu ilifungwa, na wa tatu, wa hakimu, ulikuwa mbali, wenye ada, na wenye mrundikano wa mafaili.

Chukua mgogoro wa kawaida kabisa wa mpaka. Shamba la ndizi, na mstari wa masale, mmea ambao Waganda huuita oluwaanyi, ndio alama ya mpaka. Jirani mmoja amefyeka matatu na kupanda mengine hatua nne ndani ya shamba la mwenzake. Kwa sheria, shauri hili ni la LC2: wajumbe wanatembea hadi shambani, wazee wanaonyesha visiki vya zamani, uamuzi unaandikwa siku hiyohiyo. Kati ya 2007 na 2018 wajumbe waliendelea kufanya hivyo, na mara nyingi walikata shauri kwa haki. Lakini aliyeshindwa alikuwa na turufu mkononi: akikata rufaa, wakili wake alisimama na hoja moja tu, kwamba waliotoa hukumu hawakuwa na mamlaka. Hakuhitaji kugusa masale hata kidogo. Waliojua hilo waliruka LC na kwenda polisi kufungua shtaka la uvamizi wa ardhi, au kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ambaye si hakimu na amri yake haina nguvu ya hukumu.

Sheria ya Mahakama za LC ya 2006 ilikuwa imepangwa vizuri, na inasikitisha kwamba ilizaliwa mwaka mmoja tu kabla ya wahusika wake kupoteza uhalali. Inaziruhusu mahakama hizi kusikiliza madeni, mikataba, shambulio, uharibifu wa mali na uvamizi hadi thamani ya pointi 100 za sarafu. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo kikomo ni shilingi milioni 2. Mambo ya kimila, kama vile nani mrithi, nani baba wa mtoto, au ardhi ya kimila, hayana kikomo hicho. Wanaweza kuamuru fidia, msamaha wa hadharani, onyo au upatanisho. Hawawezi kumfunga mtu. Rufaa hutoka kijijini kwenda muluka, kisha gombolola, kisha kwa Hakimu Mkuu.

Vipi mikataba ya mauziano yenye muhuri wa miaka ile? Hapa watu huogopa bila sababu, na wanapopaswa kuogopa hawaogopi. Sheria ya Ardhi haisemi popote kwamba mauziano ni batili bila saini ya LC1. Mwenyekiti ni shahidi kama shahidi mwingine yeyote; kukosa kwake cheo halali hakumwondolei macho aliyoyaonea fedha zikihesabiwa. Lakini zipo ridhaa mbili ambazo sheria inazitaka kweli. Ya kwanza ni ya mume au mke, kwa ardhi ambayo familia inaishi au inategemea kwa chakula. Ya pili ni ya mwenye ardhi pale mtu anapouza kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwingine: marekebisho ya 2010 yanamtaka mwenye kibanja ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua, na akikiuka ni kosa la jinai na mauziano hayasimami. Utamkuta mnunuzi aliyemlipa mwenyekiti wa LC1 ada isiyo kwenye sheria yoyote, mara nyingi ikipigiwa hesabu kwa asilimia ya bei, akapata muhuri wa duara wenye wino wa buluu, na hakuwahi kumtafuta mwenye ardhi. Mkataba wa namna hiyo una tatizo hata kama mwenyekiti alichaguliwa jana.

Mstari wa Julai 2018

Siku ya kura ya 2018 ilithibitisha kwamba njia ya mstari inawezekana kwa gharama ndogo. Ilithibitisha pia kasoro zake. Msimamizi mmoja anafika na daftari la kijiji na fomu ya matokeo. Wagombea wanajitenga, watu wanajipanga, anahesabu vichwa kwa sauti, anaandika namba, mawakala wanasaini. Kijiji kinamaliza asubuhi moja. LC2 haikuhitaji hata mstari wa wananchi wote, kwa sababu wapigakura wake ni wajumbe wa kamati za LC1 za muluka huo.

Tatizo ni kwamba mstari ukishavunjika, ushahidi wote umevunjika nao. Hakuna karatasi za kuhesabu upya. Kilichobaki ni fomu. Mgombea anayetaka kupinga matokeo akiwa hana nakala ya fomu iliyosainiwa, na hana orodha ya watu waliosimama ambao hawamo kwenye daftari, hana kesi. Kwa hiyo kazi halisi ya wakala hufanyika kabla ya hesabu: kusimama na daftari mkononi na kutaka kila sura isiyojulikana itajwe jina na kutafutwa humo. Wengi walibishana baada ya hesabu, wakati hakuna wa kumwonyesha nani alitoka mtaa wa jirani. Vijiji vya mijini, ambako wapangaji huhama kila mwaka, ndivyo vilivyo hatarini zaidi, maana daftari huzeeka haraka kuliko kijijini.

Pengo lilelile, kwa siku 180

Muhula wa waliochaguliwa 2018 uliisha Julai 2023. Badala ya uchaguzi, Waziri wa Serikali za Mitaa, Raphael Magyezi, aliwaongezea siku 180. Zilipoisha Januari 2024 zikaongezwa tena, na haikuwa mara ya mwisho. Sababu iliyotolewa ni ileile ya fedha.

Tofauti na 2007 ni kwamba safari hii wenyeviti walikuwa na hati ya waziri ya kuonyesha. Anayetaka kuipinga hati hiyo katika Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio ya uamuzi wa kiutawala anakutana na hesabu mbaya: lazima afungue ndani ya miezi mitatu, na hati yenyewe inaishi miezi sita. Kesi inapoiva, hati inayopingwa imekwisha kufa na nyingine imezaliwa. Tusishangae mahakama ikisema hakuna tena cha kuamua.

Kwa kundi linalotaka uchaguzi ufanyike, mahali pa kusukuma ni Bunge, na kalenda yake inajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka mwongozo wa bajeti ufike Bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba, na Bunge liupitishe ifikapo 1 Februari. Makadirio yenyewe yanawasilishwa ifikapo 1 Aprili na kupitishwa ifikapo 31 Mei. Fedha za uchaguzi wa LC zinapaswa kuonekana kwenye fungu la Tume ya Uchaguzi, Fungu 102, na anayelichambua ni Kamati ya Sheria na Masuala ya Bunge. Wengi hupeleka malalamiko yao Juni, bajeti inaposomwa. Wakati huo kinachosomwa kimekwisha kupitishwa. Januari ndiyo mwezi wa kazi: mwongozo bado unabadilika, na kamati inasikiliza watu wa nje.

Mswada wa mbunge binafsi ni njia ya kuvutia lakini haifiki. Ibara ya 93 inalizuia Bunge kushughulikia mswada unaobebesha Mfuko Mkuu wa Hazina gharama mpya kama haukuletwa na serikali. Mswada wa kulazimisha uchaguzi wa vijiji 60,000 utakwama hapo. Mswada unaoweza kupita ni ule usiogharimu kitu: kubana mamlaka ya waziri ya kuongeza muda yawe mara moja tu kwa muhula mmoja. Huo hauombi fedha. Unaondoa tu nafuu ambayo Hazina inaipata kwa kutofanya chochote, na kwa namna tunavyousoma ugomvi huu tangu 2007, nafuu hiyo ndiyo inayopaswa kuguswa kwanza.

Ombi la wananchi kwa Bunge linafaa kuandamana na mswada huo. Liandikwe kwa lugha ya heshima, liseme wazi Bunge liombwe kufanya nini, lisainiwe, kisha apatikane mbunge wa kuliwasilisha; likifika mezani hupelekwa kwenye kamati. Viambatisho ndivyo vinavyolipa uzito: nakala za hukumu za LC zilizotenguliwa kwa kukosa mamlaka, barua zilizokataliwa, risiti za ada walizotozwa wananchi. Mafaili hayo yapo kwenye ofisi za mahakimu na kwa mawakili wa msaada wa kisheria wilayani, na mengi hayajawahi kufika mbele ya kamati yoyote.